Visti, Briji ya Mgawaji, Briji ya Mnada au Briji ya Mkataba: Hatua Nne za Mchezo Mmoja na Namna ya Kuchagua Wako

Mtu anayetaka kujifunza briji, mchezo wa karata wa watu wanne, mara nyingi hupewa ushauri wa aina mbili unaopingana. Mmoja humwambia aanze na visti, kwa kuwa briji ni mtoto wa visti na tabia za mtoto hueleweka vizuri zaidi kwa anayemjua mzazi. Mwingine humwonya asipoteze muda na mchezo wa mababu, bali aende moja kwa moja kwenye briji ya mkataba, ambayo ndiyo inayochezwa leo katika mashindano. Kila mmoja ana hoja, ila wote wawili husahau kwamba kati ya visti na briji ya mkataba kuna hatua mbili nyingine, yaani briji ya mgawaji na briji ya mnada, ambazo zilitawala meza kwa muda mfupi tu, lakini sheria zake zipo na zinachezeka hadi leo kwa karata zilezile.

Nikiitazama historia ya mchezo huu, naona kwamba kila hatua ilizaliwa na lalamiko kuhusu hatua iliyoitangulia, na kwamba kila dawa iliyopatikana ilikuja na gharama yake. Kwa hiyo swali linalomsaidia mchaguzi ni hili: ni lalamiko lipi linalokugusa wewe na wenzako, na ni gharama ipi mnayoweza kuibeba?

Yaliyo ya pamoja

Katika michezo yote minne watu wanne huketi kuizunguka meza, wawili wanaoelekeana wakiwa wenzi dhidi ya wawili wengine, na jozi ya karata 52 hugawiwa yote hadi kila mmoja awe na 13. Anayeanza hutupa karata moja, na watatu waliobaki lazima wafuate aina ileile kama wanayo; asiyenayo ana hiari ya kutupa karata nyingine yoyote au kukata kwa turufu, yaani aina iliyopewa nguvu ya kuzishinda nyingine zote. Mwenye turufu kubwa kuliko zote, au ikiwa turufu haikutupwa, mwenye karata kubwa ya aina iliyoanza, hula mzunguko huo na ndiye huanza unaofuata. Ree ndiyo kubwa, ikifuatiwa na mfalme, malkia, ghulamu na kumi, hadi mbili. Mizunguko ni 13, na sita ya kwanza haileti alama yoyote kwa aliyeila. Hesabu huanzia mzunguko wa saba, na ndiyo maana katika briji anayetaja «mbili» anaahidi kula mizunguko minane.

Msomaji wa Kiswahili haingii hapa mikono mitupu. Turufu, kopa, uru na shupaza ni maneno ya Kireno yaliyobaki vinywani mwa watu wa pwani baada ya Wareno wenyewe kushindwa Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1698. Kopa ni vikombe, uru ni dhahabu, shupaza ni panga, na pau, ambayo wengi huiita maua, ni rungu. Ajabu yake ni kwamba karata tunazozishika leo hazina kikombe wala upanga, kwa sababu michoro yake ni ya Kifaransa, ilhali majina tuliyoyarithi ni ya karata za kusini mwa Ulaya, ambazo nazo zilitokana na karata za Wamamluki wa Misri. Jozi ya Kimamluki iliyohifadhiwa katika kasri la Topkapı, mjini Istanbul, ina vikombe, sarafu, panga na fimbo za polo, na katika ukamilifu wake ilikuwa ya karata 52 kama yetu. Kilichokosekana humo ni turufu. Hilo lilikuwa wazo la Ulaya ya karne ya 15, na neno lenyewe linatokana na neno la Kilatini la maandamano ya ushindi. Mwaka 1529 mhubiri Hugh Latimer aliutumia mchezo wa turufu kama mfano katika mahubiri yake huko Cambridge, jambo linaloonyesha kwamba waliomsikiliza waliujua vizuri. Visti ni mjukuu wa mchezo huo.

Vigezo

Nitaipima kila hatua kwa mambo sita: asili yake pamoja na lalamiko lililoizaa; muda unaohitajika kuijifunza; nafasi ya bahati; uhusiano kati ya wenzi; uzito wa kuhesabu alama; na watu inaowafaa. Sikuweka kigezo cha «furaha», kwa kuwa nimeona watu wakicheka hadi machozi katika visti na wengine wakinuniana usiku kucha katika briji.

Visti

Asili. Mchezo huu ulikuwapo Uingereza tangu karne ya 17 kama burudani ya watu wa kawaida, ukapanda cheo mnamo mwaka 1728 pale kundi la mabwana waliokuwa wakikutana katika mkahawa wa Crown, London, walipoanza kuuchunguza kwa makini na kuuwekea kanuni za uchezaji. Mwaka 1742 Edmond Hoyle alichapisha kijitabu chake kuhusu visti, na jina lake likawa sawa na sheria. Hadi leo Waingereza wakitaka kusema jambo limefanywa kwa kufuata kanuni, husema limefanywa kwa mujibu wa Hoyle.

Kujifunza. Robo saa inatosha. Karata ya mwisho ya mgawaji hufunuliwa mezani na aina yake ndiyo inakuwa turufu ya mgao huo, kisha mchezo unaanza. Hakuna mnada, hakuna ahadi, hakuna karata zilizo wazi. Aliyewahi kucheza mchezo wowote wa turufu barazani atahitaji tu kuzoea mpangilio wa ukubwa wa karata.

Bahati. Ni kubwa kuliko katika hatua zote zilizofuata. Turufu huchaguliwa na karata iliyoangukia mahali pake, na aliyegawiwa karata ndogo tupu hana la kufanya ila kuzitupa moja baada ya nyingine na kusubiri mgao mwingine. Hata hivyo tusidharau akili iliyomo: mchezaji wa visti haoni karata za mtu mwingine yeyote, kwa hiyo lazima akumbuke zilizotoka na akisie zilizobaki ziko mkononi mwa nani. Kwa zoezi la kumbukumbu, sijaona hatua ya baadaye inayoishinda visti.

Mwenzi. Wenzi huzungumza kwa karata tu. Ukianza na aina fulani, unamwambia mwenzio kwamba una nguvu humo. Ukitupa karata ya juu isiyohitajika, unampa ishara. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 ishara hizo zilirundikana hadi zikawa kama lugha ya siri iliyohitaji vitabu, na wachezaji wengi wakachoka. Lalamiko lao la pili lilikuwa zito zaidi: kwa nini aina ya turufu, jambo lenye uzito kuliko yote, iamuliwe na karata ya mwisho badala ya mtu?

Alama. Hesabu ni nyepesi mno. Kila mzunguko unaozidi sita ni alama moja, na gemu huisha kwa alama tano katika visti fupi ya Waingereza au saba katika desturi ya Marekani. Kipande cha chaki kinatosha.

Inawafaa nani. Inafaa familia yenye watoto na wazee katika meza moja, na mkusanyiko mkubwa unaotaka kubadilishana wenzi baada ya kila mgao. Nchini Uingereza kuna desturi ya kufanya visti ya hadhara katika kumbi za vijiji ili kuchangisha fedha, ambapo washindi huhamia meza inayofuata. Desturi hiyo haiwezekani kwa urahisi katika michezo inayohitaji wenzi waliopatana kwanza.

Briji ya mgawaji

Asili. Mwaka 1886 John Collinson alichapisha mjini London kijitabu kilichoeleza mchezo alioukuta Constantinople, akiuita «Biritch» au visti ya Kirusi. Ndani yake kulikuwa na mambo mawili mageni: mgawaji ndiye aliyetaja turufu, na mwenzi wa mgawaji aliziweka karata zake zote wazi mezani. Klabu ya Portland ya London iliupokea mwaka 1894, na ndani ya miaka michache visti ikawa imetolewa katika vilabu vikubwa.

Kujifunza. Anayejua visti anahitaji nusu saa zaidi. Mgawaji hutazama karata zake na kutaja aina ya turufu, au kusema mchezo utachezwa bila turufu. Akiona hana la maana, humwachia mwenzi wake ataje. Wapinzani wanaweza kuzidisha thamani mara mbili, upande wa mgawaji ukajibu kwa kuizidisha tena, na mvutano huo ukaendelea kupanda. Kisha mchezaji aliye upande wa kushoto wa mgawaji hutupa karata ya kwanza, na mwenzi wa mgawaji hulaza karata zake mezani. Waingereza humwita mwenzi huyo kwa neno lenye maana ya bubu. Wafaransa, kwa ukali zaidi, humwita maiti.

Bahati. Imepungua mahali pamoja na kuongezeka pengine. Turufu sasa huchaguliwa kwa akili, na kila mchezaji anaona karata 26, zake na za bubu, kwa hiyo kukisia gizani kumegeuka kuwa hesabu. Lakini zamu ya kugawa imekuwa neema: anayegawa anashika usukani hata kama wapinzani ndio wenye karata nzuri, nao hubaki na njia moja tu ya kusema neno, yaani kuzidisha.

Mwenzi. Hapa ndipo gharama ya dawa inapoonekana. Katika kila mgao mtu mmoja hukaa mikono kifuani akitazama mwenzake akizicheza karata zake, wakati mwingine vibaya, naye haruhusiwi kusema. Wapo wanaokipenda kipindi hicho kwa kuwa ndipo wanapochemsha chai; wapo wanaokiona ni adhabu.

Alama. Thamani hutegemea turufu: kila mzunguko unaozidi sita ni alama 2 kwa shupaza, 4 kwa pau, 6 kwa uru, 8 kwa kopa na 12 bila turufu, na gemu huisha kwa 30. Mpangilio huo ulizaa ujanja ninaoupenda. Kwa kuwa shupaza ilikuwa rahisi kuliko zote, mgawaji mwenye karata mbovu aliitaja ili hasara yake iwe ndogo, na wapinzani waliokuwa na karata nzuri wakabaki na ushindi wa senti.

Inawafaa nani. Inafaa meza ya watu wanaotaka ladha ya briji bila kujifunza lugha ya mnada, na inafaa zaidi mahali ambapo wachezaji ni watatu, kwa kuwa karata za mtu wa nne zinaweza kulazwa wazi mezani na mchezo ukaendelea. Upungufu wake ni upweke: hakuna mashindano, hakuna vilabu, na hakuna mtu atakayekuja akiwa tayari anaujua.

Briji ya mnada

Asili. Lalamiko lilikuwa wazi: watu wawili kati ya wanne hawakuwa na sauti katika kuchagua turufu. Jawabu lilikuwa kuifanya haki hiyo iwe bidhaa inayonadiwa. Simulizi maarufu husema wazo hilo lilitoka kwa watumishi wa serikali ya Uingereza nchini India waliokosa mtu wa nne wa kukamilisha meza, wakaanza kushindania haki ya kuzitumia karata za wazi. Jina la briji ya mnada lilianza kuonekana katika machapisho mnamo mwaka 1904, na mwaka 1908 klabu za Bath na Portland za London ziliandaa sheria zake.

Kujifunza. Jioni mbili au tatu. Kila mchezaji kwa zamu yake hupita au hupanda dau, akitaja idadi ya mizunguko inayozidi sita na aina ya turufu anayoitaka. Dau la juu kabisa hushinda mnada, na wa kwanza wa upande ulioshinda kuitaja turufu hiyo ndiye anayecheza karata zake pamoja na za bubu. Anayefundishwa huelewa utaratibu upesi. Kinachochukua muda ni kujua karata zake zina thamani gani.

Bahati. Imepungua kwa hatua kubwa, kwa sababu wote wanne wanapigania turufu na neema ya mgawaji imeondoka. Mwenye karata hafifu anaweza kupanda ili kuwasukuma wapinzani juu kuliko wanavyoweza kufika, na mnada wenyewe unakuwa pambano kabla ya pambano.

Mwenzi. Kila dau sasa ni ujumbe. Nikisema kopa moja, namwambia mwenzangu nina kopa nyingi. Akijibu shupaza, ananiambia kitu kuhusu zake. Mazungumzo haya ni halali kwa kuwa wapinzani wanayasikia pia na wana haki ya kuuliza maana yake.

Alama. Katika muundo wake uliokomaa, kila mzunguko wa ziada ya sita ni alama 6 kwa pau, 7 kwa uru, 8 kwa kopa, 9 kwa shupaza na 10 bila turufu. Gemu bado ni 30, wenzi wanaotangulia kushinda gemu mbili humaliza duru na kupata nyongeza ya 250, na kila mzunguko uliopungua katika ahadi huwapa wapinzani 50. Ndani ya hesabu hiyo mlikuwa na ufa. Aliyeahidi mizunguko minane ya kopa akala kumi, alihesabiwa yote kumi na gemu ikawa yake, kwa hiyo hakukuwa na sababu ya kuahidi zaidi ya kinachotosha kumnyamazisha mpinzani. Mnunuzi hodari alikuwa yule aliyenunua kwa bei ya chini.

Inawafaa nani. Nadhani hii ndiyo hatua inayodharauliwa pasipo haki. Kundi la marafiki wenye uwezo usiolingana hucheza vizuri hapa, kwa kuwa mnada upo na msisimko wake upo, lakini dau la woga halimwadhibu mgeni: akiahidi kidogo na kula kingi, anapata jasho lake lote. Wanaokuja kutoka visti huona mlango huu una kizingiti cha chini.

Briji ya mkataba

Asili. Ufa nilioutaja uliwasumbua wachezaji mahodari, kwa sababu haukuwatuza waliokadiria karata zao kwa usahihi. Wafaransa walikuwa na mchezo ulioitwa plafond, ambamo kilichoahidiwa tu ndicho kilihesabiwa kuelekea gemu. Mwaka 1925 tajiri Mmarekani Harold Stirling Vanderbilt, akiwa safarini kwa meli ya Finland kutoka Los Angeles kwenda Havana kupitia mfereji wa Panama, alilichukua wazo hilo, akaliundia jedwali jipya la alama na kulijaribu na wenzake wa melini. Usiku wa tarehe 31 Oktoba 1925 ndio unaohesabiwa kuwa usiku wa kuzaliwa kwa briji ya mkataba. Miaka michache tu baadaye briji ya mnada ilikuwa imeondoka katika vilabu.

Aliyeueneza mchezo huo kwa umma alikuwa Ely Culbertson, mtu aliyeelewa matangazo kama alivyoelewa karata. Pambano lake na Sidney Lenz mjini New York, lililoanza Desemba 1931 na kumalizika Januari 1932, lilifuatwa na magazeti siku hadi siku, na Culbertson akashinda kwa alama 8,980 baada ya duru 150. Upande wa giza wa umaarufu huo ulikuwa umeonekana mwaka 1929 huko Kansas City, ambako Myrtle Bennett alimpiga risasi mumewe na kumuua baada ya ugomvi uliofuatia mkataba, yaani ahadi ya mwisho ya mnada, wa shupaza nne ulioshindikana. Mahakama ilimwachia huru. Sikitaji kisa hiki kwa mzaha, bali kwa kuwa wenzi wa ndoa wanaotaka kuwa wenzi wa mezani wanapaswa kujua kwamba mchezo huu hugusa mahali pa ndani.

Kujifunza. Miezi, na kwa uaminifu, miaka. Hesabu ya msingi si ngumu: ree ni pointi 4, mfalme 3, malkia 2, ghulamu 1, jumla 40 katika jozi nzima, na wenzi wenye takriban 26 kwa pamoja wanaweza kulenga gemu. Njia hiyo ya 4, 3, 2, 1 ilienezwa na Charles Goren baada ya Vita Kuu ya Pili, na imewapunguzia wanafunzi mateso mengi. Ugumu unaanza pale wenzi wanapotakiwa kukubaliana maana ya kila dau, kwa kuwa dau moja linaweza kuwa na maana tofauti kwa watu tofauti, na makubaliano ya aina hiyo huandikwa na kukaririwa.

Bahati. Kwa wanaocheza nyumbani, bahati bado ina kiti chake. Lakini mchezo huu una dawa ambayo hatua nyingine hazikuizoea kwa kiwango hiki, nayo ni mgao unaorudiwa: karata za kila mchezaji huwekwa kwenye kibao baada ya kuchezwa na kupelekwa meza nyingine, ili jozi nyingi za wenzi zicheze karata zilezile na kulinganishwa. Wazo hilo ni la enzi za visti. Mwaka 1857 Henry Jones, aliyejulikana kwa jina la Cavendish, aliandaa jaribio la namna hiyo London kati ya wachezaji hodari na wa kawaida, na hodari wakashinda ingawa karata zilikuwa zilezile. Katika mgao unaorudiwa, mwenye karata mbovu hana sababu ya kulalamika, kwa kuwa kazi yake ni kupoteza kidogo kuliko wengine walioshika karata hizohizo. Na karata zenyewe haziishi: idadi ya mikono ya karata 13 inayoweza kutoka katika jozi ya 52 ni 635,013,559,600.

Mwenzi. Hakuna hatua inayowafunga wenzi kwa kamba fupi kama hii. Mnada mzuri ni mazungumzo ya watu wawili wanaoaminiana, na kosa la mmoja hulipwa na wote. Wenzi waliocheza pamoja miaka mitano huwashinda wageni wawili wenye akili zaidi, jambo linalopendeza kwa mwenye mwenzi wa kudumu na kumkatisha tamaa anayekuja peke yake.

Alama. Hapa ndipo wengi hutishika. Pau na uru ni 20 kwa kila mzunguko ulioahidiwa na kuliwa, kopa na shupaza ni 30, na bila turufu ni 40 kwa wa kwanza na 30 kwa inayofuata. Gemu ni 100, kwa hiyo hufikiwa kwa mkataba wa tatu bila turufu, nne za kopa au shupaza, au tano za pau au uru. Upande ambao umeshashinda gemu moja katika duru huhesabiwa kuwa hatarini, na hapo kila mzunguko uliopungua hugharimu 100 badala ya 50. Anayeahidi mizunguko 12 na kutimiza hupata nyongeza ya 500, au 750 akiwa hatarini. Anayeahidi yote 13 hupata 1,000 au 1,500. Nyongeza hizo kubwa ndizo roho ya uvumbuzi wa Vanderbilt, kwa kuwa humfanya mtu apime kwa makini kama athubutu au asithubutu. Programu za simu na kompyuta siku hizi huhesabu zenyewe, lakini asiyejua hesabu hawezi kujua dau lipi lina maana.

Inawafaa nani. Inamfaa anayetaka mchezo atakaoutunza kwa miaka mingi, anayetaka mashindano, na anayesafiri. Shirikisho la Dunia la Briji liliundwa mwaka 1958; kombe la Bermuda Bowl limekuwapo tangu 1950; na katika Michezo ya Asia ya mwaka 2018 nchini Indonesia briji iligombewa kwa medali. Mswahili aliyeko London, Muscat au Toronto anaweza kuketi na watu asiowajua na kucheza, kwa sababu sheria ni zilezile, na mtandaoni meza haifungwi usiku wala mchana. Haimfai anayetaka kucheza leo jioni na watu watatu ambao hawajawahi kuusikia.

Mwongozo kwa hali mbalimbali

Kama meza yenu ina bibi, wajukuu na mgeni wa siku moja, chagueni visti, na msiwaharakishe kwenda kokote. Ikiwa baada ya wiki kadhaa mtu ataanza kunung'unika kwamba turufu ya kubahatisha inamharibia karata nzuri, mmefika mahali walipofika watu wa vilabu vya London mwaka 1894, na mnaweza kujaribu briji ya mgawaji.

Kama mko watatu, au kuna mmoja ambaye huinuka kila mara kuhudumia jiko au duka, briji ya mgawaji inawapa nafasi hiyo bila kuvunja mchezo. Wekeni tu kikomo cha kuzidisha, kwa sababu watu wenye hasira huzidisha hadi hesabu isiyoandikika.

Kama ninyi ni wanne wa kudumu, mnakutana mara moja kwa wiki, wawili wana uzoefu na wawili hawana, ningewashauri briji ya mnada kwa miezi ya mwanzo. Mgeni atajifunza kusoma dau la mwenzake bila kuadhibiwa kwa kila woga, na mwenye uzoefu atapata pambano la kweli. Gemu hufikiwa kwa ngazi zilezile za briji ya mkataba, yaani tatu bila turufu, nne za kopa au shupaza, tano za pau au uru, kwa hiyo siku mtakapohama, vichwa vitakuwa vimeshazoea.

Kama uko peke yako na unataka kujifunza kwa dhati, usipite kwenye hatua za katikati. Nenda kwenye briji ya mkataba, kwa kuwa ndiyo yenye vitabu, walimu, programu za mazoezi na wachezaji. Tafuta mwenzi mmoja kwanza kabla ya kutafuta mfumo wa mnada, na mwanzoni mkubaliane mambo machache mnayoweza kuyaandika upande mmoja wa karatasi.

Kama wewe ni mwalimu na una kipindi kimoja cha kuwaonyesha wanafunzi hesabu ya uwezekano, tumia visti kwa nusu ya kwanza, kisha laza karata za mchezaji mmoja wazi mezani na uwaulize ni kipi walichoweza kukihesabu sasa ambacho mwanzoni walikikisia.

Na kama mnaotaka kuketi pamoja ni mume na mke, chezeni visti nyumbani mkiwa wenzi. Katika briji ya mkataba, kwa mwaka wa kwanza, kila mmoja atafute mwenzi mwingine.